Nilisoma Kisichoandikwa

Karatasi ilisema ofisi "itajitahidi kutoa saruji, mabomba na fundi, iwapo fedha zitapatikana." Hiyo ni tafsiri yangu ya leo, nimekaa barazani kwangu hapa Himo, miwani puani, hakuna anayeningoja. Februari 2007, chini ya mringaringa wa uwanja wa ofisi ya kijiji, watu wakiwa wameketi kwenye nyasi na wengine wamesimama nyuma, nililitafsiri fungu hilohilo hivi: "Ofisi itatoa saruji, mabomba na fundi." Wakapiga makofi. Sikupotewa na neno, na Kiingereza changu hakikuwa kibovu kiasi hicho. Niliiona "itajitahidi", nikaiona "iwapo", nikaziruka zote mbili kama mtu anavyoruka kidimbwi asichafue viatu.

Hilo ndilo kosa langu. Kulitenda kulichukua pumzi moja, kulisema kumechukua miaka 15.

Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii. Ofisi sitaitaja na kijiji sitakitaja. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo hawapungukiwi kitu. Tena hakuna aliyeniambia niruke. Kiolezo cha makubaliano kilikuja na maneno yake yote, kwa Kiingereza, na maagizo yalikuwa kwamba yasomwe kwa wananchi kwa lugha wanayoielewa. Aliyeyapunguza ni mimi.

Asiyetokea huku aelewe kwanza maji yanavyokwenda. Himo ni mji wa njia panda: malori ya Holili na Taveta, mabasi ya Dar es Salaam, magunia ya mahindi, na vumbi linaloingia hadi kwenye sukari. Mvua yetu ni ya kubahatisha. Ukipanda Noah kuelekea Marangu, hujamaliza kutafuna kipande cha muwa ulichonunua stendi, unaanza kuona migomba, halafu ukungu. Kilema, Kirua, Mamba, Mwika, kote huko maji yapo, na sisi wa chini tunakunywa yanayobaki. Yanatushukia kwa njia mbili. Moja ni bomba. Nyingine ni mfongo.

Mfongo ni mfereji wa asili wa Wachagga. Unachukuliwa kwenye kijito juu, karibu na msitu, unapitishwa ubavuni mwa mlima kwa mwinamo mdogo mno hata ukiyatazama maji huna hakika kama yanashuka, mpaka yafike vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani, na kwenye mashamba ya tambarare. Wazungu waliofika Kilimanjaro karne ya 19 waliandika kwa mshangao habari za mifereji hiyo. Waliikuta inafanya kazi, na hapakuwa na mhandisi. Ila kuchimba ni nusu ya ustadi tu. Nusu ya pili ni watu. Kila mfongo una ukoo uliouanzisha, una mzee wake, una zamu za kufungulia maji, una nduwa ya kukusanyia maji ya usiku, na una msaragambo. Siku ya msaragambo kila nyumba inatoa mtu na jembe. Banio la kuingizia maji mferejini linajengwa upya kwa mawe, matope na magogo ya migomba, mfereji unakwanguliwa toka juu hadi chini. Asiyekuja bila sababu anatozwa faini ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Akirudia, faini inapanda. Hakuna anayelipwa, na hakuna aliyewahi kuitwa "mwanajamii anayejitolea". Jina hilo tulilileta sisi kwenye mafaili.

Niseme na hili, nisije nikasikika kama ninayelilia zama za babu. Kwenye mfongo mwanamke alikuwa wa kupika na kubeba. Neno hakuwa nalo. Tulipotaka kikundi kisajiliwe, na katiba iseme wanawake watakuwa kwenye kamati, niligombana na wazee miezi miwili nikashinda. Hilo silijutii. Hata yule mzee wa mfongo, ambaye hapa nitamwita Meku kama tunavyowaita wazee wetu wote, alikuja kukiri kwamba daftari la kikundi lilianza kueleweka siku lilipokabidhiwa kwa mama mmoja muuza ndizi.

Basi chanzo kilikuwa kimoja. Ofisi ilitaka kutoa maji pale kwa bomba, kuyashusha hadi vijiji vya chini ambako akina mama walikuwa wakiamka saa tisa usiku kufuata ndoo moja ya lita 20. Kikundi cha mfongo kilikuwa kinatumia maji hayohayo tangu enzi ambazo hakuna anayeweza kuzitaja mwaka. Kwa sheria, maji ni ya umma. Sheria Na. 42 ya 1974 ilikwisha kutaka anayechepusha maji awe na haki iliyoandikwa, na tangu Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ilipoanzishwa mwaka 1991, wazee wa mifongo walijikuta wanaulizwa karatasi ambayo babu zao hawakuwahi kuisikia. Kwa hiyo wao walihitaji kutambuliwa, sisi tulihitaji maji. Ndipo yakaja makubaliano ya ushirikiano.

Kikundi kitaacha sehemu ya maji iingie bombani. Kitalinda chanzo. Wanachama watatu wenye migomba pembeni mwa kijito wataing'oa, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kikundi kitatoa nguvu kazi ya kufukua na kukarabati, bila malipo, kila itakapohitajika. Na ofisi itawajengea banio la zege, itatoa vifaa na fundi panapoharibika, na itamlipa mlinzi wa chanzo.

Hivyo ndivyo nilivyosoma. Kwenye karatasi, kila kitenzi cha kikundi kilikuwa cha lazima. Kila kitenzi cha ofisi kilikuwa na "itajitahidi" mbele na "iwapo" nyuma. Mimi niliwavalisha wote nguo za aina moja.

Meku aliinua mkono kabla ya kusaini. Hakuuliza kuhusu saruji. Aliuliza, "Mwanangu, karatasi hii itakaa miaka mingapi kabla haijageuka?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Nilijua anakotokea. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kando ya msitu, Wachagga wapate kuni, mbao na majani. Alikua akiingia na kutoka humo na mama yake. Mwaka 2005, miaka miwili tu kabla ya mkutano wetu, mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilishushwa ikaufunika msitu pamoja na ukanda huo. Alikumbuka pia 1971, serikali ilipotangaza kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji atakuwa na maji safi karibu na nyumbani, tena bure. Miaka 20 ikaisha. Halafu ikaja sera ya maji ya 2002, ikisema wananchi wamiliki miradi, waiendeshe, wachangie gharama. Mtu aliyeishi yote hayo akikuuliza umri wa karatasi, hafanyi mzaha.

Nilimjibu, "Hii si kama zile, Meku. Hii tumeiandika wenyewe."

Tuliiandika wapi? Tulijaza jina la kijiji, jina la kijito na tarehe.

Nimejiuliza sana kwa nini niliruka. Jibu linalonijia haraka ni kwamba niliwahurumia wazee kwa lugha ngumu ya kisheria. Ni jibu zuri na ni la uongo. Wazee wale walikuwa wanagawana maji ya usiku kwa saa, kwa koo, kwa kiangazi na kwa masika, bila kuandika, na wanakumbuka deni la zamu la mwaka juzi. Sharti lenye "iwapo" lingewashinda vipi?

Kweli yenyewe ni ndogo na haina heshima. Jua lilikuwa linakwenda, mgeni rasmi ametazama saa mara mbili, na gari lilikuwa moja. Nilijua pia kwamba nikitamka "iwapo fedha zitapatikana", mkono wa Meku utainuka tena, na atauliza, "Na zisipopatikana?" Sikuwa na jibu. Karatasi haikuwa na jibu. Nililikwepa swali moja la mzee mmoja. Na kuna jambo la tatu, ambalo kwa muda mrefu nililitumia kujitetea usiku: fedha za mwaka ule zilikuwepo. Nilikuwa nimeziona kwenye bajeti. Nilipotamka "itatoa", kichwani mwangu saruji ilikwisha kuwa kwenye lori.

Chini ya sahihi zao palikuwa na mstari mmoja zaidi. Ulisema kwamba yaliyomo yamesomwa na kufafanuliwa kwa Kiswahili mbele ya wahusika, nao wameyaelewa. Palihitajika sahihi ya msomaji. Nilisaini hapo kwa wino wa buluu, vizuri, kwa mwandiko wangu wa barua za harusi. Wengine juu yangu walikuwa wameweka dole gumba. Kwa hiyo anayetaka kujua nilikuwa na sehemu gani katika jambo lile, sahihi yangu ndiyo iliyozipa uhai sahihi zao.

Mwaka ule mambo yalikwenda. Banio la zege lilijengwa, bomba likashuka, na siku maji yalipofika kijiji cha chini, mama mmoja aliniambia ameoga mara mbili, asubuhi kwa haja na mchana kwa fujo. Sitaki msomaji adhani bomba lilikuwa kosa. Mimi mwenyewe leo nafungua koki hapa Himo na kunywa maji ya mlima.

Masika ya mwaka uliofuata yalishusha mawe na magogo. Mdomo wa bomba ulikuwa umewekwa juu kidogo, haukuguswa. Banio la mfongo lilipasuka na upande mmoja ukaenda na maji. Kikundi kiliandika barua, nikaipeleka kwa wakubwa mwenyewe, nikiwa na hakika. Jibu lilirudi kwa adabu: ombi limepokelewa, kwa mwaka huu wa fedha hakuna fungu, rejea kifungu cha 7. Nilikifungua kifungu cha 7 nikijifanya nimekisahau. Aliyejibu hakukosea. Kifungu kilisema vile.

Wakarudia mtindo wa babu zao: mawe, matope, migomba. Sasa hapa kuna jambo ambalo sikulijua na hakuna mhandisi aliyenieleza. Banio la asili hubebwa na mafuriko likajengwa upya kwa siku moja, maana ardhi inabaki ileile. Zege lililovunjika halibebeki. Linabaki nusu, lina kingo kali, matope hayalishiki, na maji yanatafuta njia chini yake. Waliziba, likafumuka. Waliziba tena, likafumuka. Misaragambo mitatu ndani ya msimu mmoja, na kila mara kwenye karatasi walikuwa wanatimiza wajibu wao: nguvu kazi bila malipo, kila itakapohitajika. Mlinzi wa chanzo aliacha kulipwa, akaacha kwenda. Nani angemlaumu.

Mara ya tatu vijana wengi hawakupanda. Kikundi kikamtoza mmoja wao faini ya debe la mbege, kama ilivyokuwa desturi. Kijana alikuja ofisini kwangu na nakala ya makubaliano imekunjwa mfuko wa shati. Akanionyesha kifungu cha 11: kikundi hakitatoza mchango wala adhabu isiyomo kwenye katiba iliyosajiliwa, na migogoro yote italetwa ofisini. Katiba ya kikundi niliitengeneza mimi. Nilikuwa na mfano wa katiba ya kikundi cha kuweka na kukopa, nikabadilisha majina. Ilikuwa na faini ya kuchelewa kikao na faini ya simu kuita kikaoni. Ya kutokwenda kwenye banio haikuwamo, na mbege ndiyo kabisa.

Nikaandika barua kwamba faini hiyo si halali. Kila herufi ya barua ile ilikuwa sahihi.

Nadhani barua hiyo iliumiza kuliko kukosekana kwa saruji. Bila saruji mfongo umeishi zaidi ya karne. Bila faini hauishi misimu miwili. Faini ya mbege haikuwa adhabu kama tunavyoielewa sisi wa ofisini. Debe likishalipwa, linanywewa palepale na wale waliofanya kazi, na aliyelipa anakunywa pamoja nao, na hapo jambo limekwisha, hana kinyongo wala hana deni. Mimi nilikuwa nimeiondoa na mahali pake nikaweka "migogoro yote italetwa ofisini", ofisi ambayo ilifunguliwa siku tano kwa wiki, ilikuwa na afisa mmoja, na afisa mwenyewe hajui banio linavyozibwa.

Kosa la pili, ambalo naona nalionea aibu kuliko la kwanza, lilikuja na mjukuu wa Meku. Alikuwa kidato cha sita, Kiingereza chake kikali. Alikuja peke yake, akanisalimia shikamoo kwa unyenyekevu, akaniwekea nakala mezani, kidole kwenye kifungu cha 7. "Shangazi, babu anasema mlisoma 'itatoa'. Hapa mbona sioni 'itatoa'?"

Ningeweza kumaliza pale. Alikuwa mtoto mmoja, mlango umefungwa, na ukweli ulikuwa sentensi moja. Nikamwambia, "Lugha ya sheria ina mambo yake, mwanangu. Utaelewa ukifika chuo."

Aliondoka akiamini ni yeye ambaye hajui kusoma.

Baada ya hapo nilihamishwa, kwa taratibu za kawaida, na niliifurahia ile barua ya uhamisho kuliko cheo chochote. Mfongo wenyewe haukufa wote. Sehemu ya juu bado inapita, watu wachache wanaizibia kila mmoja mbele ya kihamba chake. Sehemu ya chini, iliyokuwa inashuka hadi mashamba ya mahindi na maharage upande wa Himo, ilikauka; ukipita leo utaona mtaro wenye majani makavu na chupa za plastiki, na baadhi ya mashamba yamegeuka viwanja. Wale watatu waliong'oa migomba mita 60 wameitimiza ahadi yao hadi leo. Miti waliyopanda imekuwa mikubwa.

Nilistaafu mwaka 2022. Katika kupanga karatasi zangu nikaikuta nakala ile, na kwa kuwa mstaafu ana muda wa kutosha kujitesa, nikaanza kusoma mambo ambayo ningepaswa kuyasoma kabla ya kusaini. Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 13, inasema watu wameridhiana pale wanapokubali jambo lilelile kwa maana ileile. Basi. Hakuna zaidi. Nimekaa na kifungu hicho siku nyingi. Siku ile chini ya mringaringa pande mbili ziliridhia mambo mawili tofauti, na mtu pekee aliyejua kwamba ni mawili alikuwa mkalimani.

Nilisoma pia kwamba Uingereza mwaka 1998 serikali iliweka makubaliano na mashirika ya hiari, waliyaita Compact, na halmashauri nyingi za mitaa zikatengeneza ya kwao. Hayakuwa na nguvu ya kisheria mahakamani, na walioyasaini nao walilalamikiana kama sisi. Lakini kuna kitu kimoja humo nilikionea wivu: ahadi kwamba wahusika wapewe wiki 12 za kusoma na kutoa maoni kabla ya serikali kuamua jambo linalowagusa. Wiki 12! Sisi tuliwapa alasiri moja, na nusu yake ilikwenda kwenye utambulisho wa wageni.

Na mwaka 2021 Bunge letu lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria nchini. Nililifurahia jambo hilo kama kila mtu. Halafu nikajiuliza kama lingenizuia. Sidhani. "Itajitahidi kutoa iwapo fedha zitapatikana" ni Kiswahili safi kabisa, na mtu anayeogopa swali ataliruka kwa Kiswahili vilevile. Tena ni rahisi zaidi, maana hakuna mjukuu atakayekuja na kamusi. Siku hizi jumuiya za maji zimesajiliwa upya chini ya Sheria Na. 5 ya 2019, zina watendaji wanaolipwa, zina mahesabu, na mambo mengi ni bora kuliko tulivyofanya sisi. Binti mmoja anayefanya kazi kama niliyoifanya, si huku kwetu, alinionyesha rasimu ya makubaliano na kikundi cha wapanda miti, akataka maoni. Nilimwambia atafute kila "iwapo", na mbele ya kila moja aandike nini kitatokea fedha zisipopatikana: nani atasimamisha nini, na baada ya siku ngapi. Aliniangalia kama bibi anayesumbua. "Shangazi, tukiandika hivyo wakubwa hawatasaini." Nikamwambia ni afadhali ajue hilo sasa.

Nilipanda kwa Meku Januari. Kwenye ua wa kihamba cha marehemu baba yangu nilichuma jani la isale, nikalifunga fundo kama nilivyomwona mama akifanya, nikaliweka kwenye mkoba pamoja na ile nakala. Kwetu, mtu akikujia na isale, humfukuzi. Nilimkuta Meku barazani, macho yamefifia, masikio mazima. Mkewe akaleta kigoda. Mjukuu hakuwepo, ni mwalimu sasa, mbali. Nilifarijika kwamba hayupo, na nikajiona kwamba nimefarijika.

Nilisoma makubaliano yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, safari hii bila kuruka. Ilichukua kama nusu saa. Siku ile ya mkutano nilitumia dakika 10. Kwenye kifungu cha 7 alinisimamisha, akasema rudia. Nikarudia. Akasema tena. Nikarudia mara ya tatu, na sauti haikunisaidia.

"Kwa hiyo hicho ndicho tulichosaini."

"Ndicho, Meku."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Akanyamaza, mkewe akaendelea kuchambua maharage kwenye ungo. Nikatoa isale nikamwekea mkononi. Alilipapasa, akalitambua, akanirudishia.

"Hili ni la ndugu waliokosana," alisema. "Hatujakosana mimi na wewe. Umekosana na mfongo, na mfongo haupokei isale. Mfongo una faini."

Mkewe akainua uso. "Mwanamke hatozwi faini ya mfongo."

"Huyu alisaini," Meku akasema.

Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, akitaja nani alikuwepo na nani hakuwepo, ile misaragambo mitatu ya masika ya 2008 ambayo isingekuwepo kama saruji ingekuja. Debe moja kwa kila mmoja. Aliniuliza kama natambua kwamba barua yangu mwenyewe inasema faini hiyo si halali. Nikasema natambua. Akasema basi nilipe bila kulazimishwa.

Mbege inataka siku zake, ulezi uoteshwe, ndizi ziive. Jirani yangu mmoja anayepika vizuri anatokea Mwika, amenipunguzia bei bila kuuliza ni ya sherehe gani. Debe la kwanza walilinywa wazee sita, wengine wote wa siku ile hawapo tena, na mimi nilipewa kata nikanywa nao. La pili alikuwepo yule kijana wa faini, ana mvi sasa, ana duka la vipuri vya pikipiki.

Yalikuwa matatu. Nimeshalipa mawili.